Swali la Tisa

Katika darasa letu la uhakiki tumezoea kuletewa riwaya, tamthilia na diwani. Tunauliza nani anasimulia, anamsimulia nani, na lugha yake inaficha nini. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nilete matini ya namna nyingine: ukurasa mmoja wenye maswali tisa, ambao niliutumia kuandika tasnifu yangu ya shahada ya kwanza ya Saikolojia kabla sijaja kusoma Kiswahili. Ukurasa huo nimeusoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote, lakini nilikuwa sijauhakiki hata siku moja. Nilikuwa nimeuhesabu tu.

Hojaji yenyewe inajulikana kwa jina la PHQ-9. Iliandaliwa Marekani na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, ikachapishwa mwaka 2001 baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa 6,000 katika kliniki za kawaida na kliniki za akina mama. Kampuni ya dawa ya Pfizer iligharimia kazi hiyo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kulipa. Kila swali linamtaka mhojiwa azitazame wiki mbili zilizopita na kusema dalili fulani imemsumbua kiasi gani: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Majibu yanapewa alama 0 hadi 3. Jumla haizidi 27, na aliyefika 10 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Kwa mwanafunzi asiye na fedha na aliyebakiwa na muhula mmoja, hiyo ni zawadi. Unachapa nakala, unapanda basi, unarudi na namba.

Basi langu lilinipeleka Arua, na kutoka Arua nikaenda kwa bodaboda hadi Manibe, upande wa Ayivu, kwao baba yangu. Siku hizi eneo hilo limeingizwa ndani ya Jiji la Arua lililoanza Julai 2020, ingawa ukifika utaona mihogo, ufuta na miembe kabla hujaona jiji. Mimi sikukulia huko. Baba alikuwa askari, nami nilikulia kambini, mashariki mwa nchi, ambako lugha ya watoto ilikuwa Kiswahili. Kilugbara changu ni cha kusalimia na kuomba chakula. Ndiyo maana niliitafsiri hojaji kwa Kiswahili kwanza, kisha binamu yangu, mtoto wa shangazi, akawa anaigeuza kwa mdomo kuwa Kilugbara mbele ya mhojiwa. Yeye amefanya biashara miaka mingi katika soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na Kiswahili chake ni chepesi kuliko Kiingereza chake.

Tayari msomaji ameona tatizo. Chuo kilinitaka nifanye tafsiri ya kurudi: mtu wa pili achukue Kiswahili changu, akirudishe kwenye Kiingereza bila kuona matini asilia, halafu tulinganishe. Tulifanya. Zilifanana vizuri sana, na katika sura ya tatu nikaandika hivyo kwa fahari. Lakini matini iliyokaguliwa haikuwa ile iliyosikiwa. Wanawake wa Manibe walisikia matini ya tatu, ambayo haikuandikwa popote, na msanii wake alikuwa binamu yangu.

Nianze na yale madogo. Maswali kadhaa ya hojaji hii yamejengwa juu ya neno "au". Moja linauliza kama hamu ya chakula imepungua au mtu anakula kupita kiasi. Jingine, kama usingizi haupatikani au umezidi. Jingine tena, kama mtu amekuwa mzito wa kutembea na kusema, au kinyume chake hatulii. Kwa daktari, "au" hiyo inafungua mlango mpana ili dalili isipite. Kwa msikilizaji ni kitendawili. Mama mmoja alimwuliza binamu yangu, kwa upole kabisa, ajibu lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu mtu mwenye njaa na mtu aliyeshiba hawawezi kuwa mtu mmoja. Swali la saba linauliza kuhusu kushindwa kutuliza akili, na linatoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Hapo binamu hakuniuliza. Alitia upepeo wa ufuta mahali pa gazeti, na nadhani alifanya sawa, maana anayepepea ufuta huku akili iko mbali atamwaga chakula cha watoto.

Vipimo vinne vya majibu navyo vilikunjwa. "Zaidi ya nusu ya siku" ilimchosha kila mtu, ikawa vidole: hakuna kidole, kimoja, viwili, vitatu. Neno langu "sonona", ambalo nililitia kwenye kichwa cha fomu kwa sababu nilikuwa nimelikuta katika makala za afya na nikaliona la kisomi, lilimchekesha binamu. Kwake yeye kusonona ni kitenzi, ni maumivu yanayochoma, si ugonjwa wenye jina. Aliniuliza kwa nini sikuandika "mawazo", kwa maana kila mtu kuanzia Mombasa hadi Bunia anajua maana ya mtu kuwa na mawazo. Sikuwa na jibu. Kusema kweli nililikwepa neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi mno kwa tasnifu.

Kuna jambo moja ambalo kama mpenzi wa Kiswahili linaniuma kuliandika. Nilikuwa na fomu za Kiswahili mkononi, na kabla ya binamu kutafsiri nilikuwa nikisoma swali kwa sauti. Mzee mmoja wa kike, mwenye miaka sabini na zaidi, alinijibu moja kwa moja, kwa Kiswahili: "Ndiyo, afande." Halafu akakaa wima. Nilidhani anatania. Jioni shangazi aliniambia nisisome tena kwa sauti katika nyumba za wazee. Kiswahili ndiyo lugha waliyoisikia kwa watu wenye bunduki. Idi Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikuwa mtu wa West Nile, na alipoanguka mwaka 1979 ni watu wa West Nile waliolipizwa kisasi. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Wengi waliobaki walivuka kwenda Zaire na Sudan. Mimi nilikuja na karatasi, kwa lugha hiyohiyo, nikimwuliza bibi kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na hofu ya kwamba ameiangusha familia yake.

Wiki mbili! Huo ndio wakati wa masimulizi wa matini hii, na mhakiki lazima aulize kwa nini. Daktari anataka kujua hali ya sasa ili aamue kuhusu matibabu ya sasa, na kwa kazi hiyo wiki mbili zinafaa. Lakini bibi yule alipata sifuri. Maswali yote tisa, bila kidole hata kimoja. Katika tasnifu yangu yeye ni mtu asiye na dalili yoyote. Tulipomaliza alitusindikiza hadi njiani, na kwa kuwa binamu alimwuliza habari za watoto, akawataja. Majina ya Kilugbara husema. Candia ni mvulana aliyezaliwa katika candi, yaani taabu, na Candiru ni msichana. Majina yanayoanza na Dra yamebeba kifo. Ayikoru ni furaha. Bibi alitaja watoto sita, na ni mmoja tu aliyekuwa Ayikoru. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake kwa Walugbara mwaka 1949, aliandika makala nzima kuhusu majina haya katika Uganda Journal mwaka 1961, akaonyesha kwamba mengi yanataja vifo, ufukara na chuki za ukweni, na kwamba mara nyingi mtoaji wa jina ni mama. Yaani mwanamke anaandika hojaji yake mwenyewe, anaiweka juu ya mtoto, na ukoo mzima wa mume unalazimika kuisoma kila unapomwita mtoto huyo aje kula. Mimi nilipita hapo na kalamu nikajaza sifuri. Majina yale sikuyatia katika tasnifu kwa sababu hayakuwa na safu yake kwenye jedwali.

Naweza kusikia mwenzangu darasani akisema: basi, tatizo ni chombo cha kigeni. Sikubali haraka hivyo. Uhakiki wa aina hiyo ni rahisi mno, na katika somo langu la zamani nimeusoma hadi nimechoka. Mtu anaandika aya moja dhidi ya Wazungu halafu anaendelea kutumia jedwali lao. Ziko kazi zilizofanywa hapahapa Uganda na watafiti kutoka nje ambazo zilianza kwa kusikiliza. Paul Bolton na wenzake, kabla ya kujaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka mwaka 2002, waliwauliza kwanza wanakijiji matatizo yao ni yapi na huyaitaje. Wakapata majina mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia na jingine la kujihurumia, na hayo wakayatumia kuchagua washiriki. Hata huku kwetu West Nile, katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Frank Neuner na wenzake walijaribu kwa wakimbizi 43 wa Sudan tiba ambayo mtu anasimulia maisha yake yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, na simulizi linaandikwa hadi likamilike. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na ugonjwa wa kiwewe katika kundi la wasimulizi walikuwa 29 kwa 100. Katika kundi la ushauri wa kawaida walikuwa 79 kwa 100. Watu 43 ni wachache, nami sitajenga nyumba juu yao, lakini tazama wakati wa masimulizi: si wiki mbili, ni maisha mazima. Makala hizi zote zilikuwa katika sura yangu ya pili. Nilizifupisha vizuri. Nilizifupisha, kisha nikageuza ukurasa nikachukua hojaji ya bure.

Sasa swali la tisa.

Linauliza kuhusu mawazo ya kwamba kufa kungekuwa nafuu, au mawazo ya kujiumiza. Ndilo la mwisho, na ndilo pekee ambalo jibu lolote lisilo sifuri linamtaka mtafiti asimame. Itifaki yangu ilisema: anayejibu ndiyo aongezewe maswali, asiachwe peke yake, aelekezwe kwa mtaalamu. Nilikuwa na barua ya mhudumu wa afya ya akili aliyekubali kuwapokea. Chombo chenyewe, katika swali hili, ni cha uaminifu kuliko mimi nilivyokuwa. Kimeuliza wazi kitu ambacho watu hawaulizi, na utafiti uliofanywa baada yake umeonyesha kwamba kumwuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Katika nyumba ya kwanza binamu alifika kwenye swali hilo akanyamaza. Mhojiwa alikuwa mke wa mjomba wake. Akaniambia kwa Kiswahili cha haraka: "Hili mimi siwezi kumwambia mama. Nikimwuliza kama anataka kufa, ni kama ninamtakia." Nilimwambia ni lazima. Akajibu kwamba lazima ni yangu, kijiji ni chake. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulifikiria nikiwa chuoni: sheria ya jinai ya Uganda inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kujaribu, najua, lakini mwanamke ameshatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, amesikia kwamba mwenyekiti wa LC1 ana habari ya utafiti huu, na aliyeshika karatasi anaongea lugha ya kambini. Nani angejibu ndiyo?

Basi binamu akatafuta njia. Alimwuliza: "Mama, umechoka na dunia?" Mama akacheka, akainua vidole vitatu. Nikaandika 3.

Nilijua papo hapo. Kilugbara changu ni kidogo, lakini si kidogo kiasi hicho. Ningeweza kusimamisha kazi, tukae sisi wawili tutafute sentensi inayouliza kifo bila kukitakia. Lakini jua lilikuwa linapanda, msimamizi wangu alikuwa ameshaniandikia mara mbili kuhusu tarehe, na nyumba iliyofuata ilikuwa inatusubiri. Tuliendelea hivyohivyo kwa majuma matatu. Umechoka na dunia? Nani hajachoka? Mwanamke anayelima mihogo na kuuza kwete, mwenye watoto wa marehemu dada yake juu ya wake mwenyewe, akiulizwa hivyo atacheka na kuinua vidole vyote alivyopewa. Wengine walisema hata vitatu havitoshi.

Matokeo yake, jedwali langu lilionyesha idadi ya wanawake wenye mawazo ya kifo iliyomshtua msimamizi. Aliita ugunduzi. Alinishauri niipandishe hadi kwenye ikisiri, nami nikaipandisha. Siku ya kutetea, mtahini mmoja, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama nina hakika na swali la tisa, kwa sababu namba zake haziendi pamoja na za maswali mengine. Nilijibu kwamba tafsiri ya kurudi ilifanyika na ilikubaliwa. Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Alinitazama kidogo, akaandika kitu, akanipitisha.

Ninachokirudia zaidi ni mwanamke mmoja kijana. Wengine walicheka kwenye swali la mwisho, yeye hakucheka. Alinyamaza kwa muda mrefu, akatazama nje, kisha akainua vidole vitatu. Alama yake ni sawa na ya jirani yake aliyecheka. Kwa itifaki nilipaswa kubaki naye. Lakini ukishaandika 3 katika kila nyumba, 3 haimwiti mtu tena. Sikumwelekeza kwa yule mhudumu wa afya; sikumwelekeza yeyote. Nilimwachia kikaratasi kilekile nilichowaachia wote, nikamwambia awadifo, asante, nikaondoka. Binamu ameniambia kwamba baadaye aliachana na mumewe, akarudi kwao.

Nikiisoma tasnifu yangu leo kwa jicho la darasa hili, kinachonisumbua zaidi ya hojaji ni kauli ya kutendwa. Data zilikusanywa. Ridhaa ilipatikana. Maswali yalisomwa kama yalivyo. Tumefundishwa kwamba Kiswahili kinaruhusu mtenda aachwe pale anapofahamika au asipohitajika. Mimi nilimwacha binamu yangu kwa sababu alihitajika. Ningemtaja, mtahini angeuliza alisema nini. Nilimshukuru katika ukurasa wa shukrani, pamoja na shangazi aliyetupikia, na katika sura ya tatu nikamfuta. Sehemu ya upungufu wa utafiti inasema kwamba sampuli ilikuwa ndogo na fedha hazikutosha, kama zisemavyo tasnifu zote.

Mwaka huu niliandika karatasi ya masahihisho, nusu ukurasa, nikaipeleka maktaba inakohifadhiwa nakala yangu. Mhudumu alinisikiliza vizuri. Alisema tasnifu ikishapokelewa haibandikwi kitu, hakuna utaratibu. Wakati huohuo rafiki yangu amenionyesha pendekezo la mradi ambamo namba yangu imenukuliwa, na jina langu limeandikwa bila kosa. Kwa hiyo masahihisho nayaweka hapa, mahali ambapo angalau yatasomwa na watu wanaojali tofauti ya maneno.

Ukurasa wa 33, aya ya pili, palipoandikwa "maswali yalisomwa kama yalivyo", soma: "maswali yalisemwa na binamu yangu, chini ya mwembe, kwa maneno yake, nami nikiwapo na nikielewa."

Ukurasa wa 47, jedwali la 6, mstari wa tisa, palipoandikwa "mawazo ya kifo au ya kujidhuru", soma: "umechoka na dunia?"

Ukurasa wa 52, aya ya kwanza na ya pili: zifutwe.